Mvinje katika Kikombe cha Soba

Sensei, yaani mwalimu wetu, alitandika kitambaa cheusi mezani, akafungua sanduku la mbao, akaanza kutoa vyungu kimoja kimoja, kila kimoja kimeviringishwa gazeti kuukuu. Vilipokwisha nikavihesabu: 14, na hapakuwa na viwili vinavyofanana. Vichache vilikuwa vyungu hasa vya bonsai, ile miti inayodumazwa chunguni, vya udongo wa hudhurungi usio na mng'aro, kutoka Tokoname, mji wa wafinyanzi huko Japani. Vingine vyote ni vyombo vya nyumbani vya zamani: vikombe vya pombe ya sake, kibakuli cha chumvi, kichupa cha kudondoshea maji kwenye wino. Na vikombe vinne vyeupe vyenye michoro ya buluu, vile vya kuchovyea tambi za soba, ambavyo wenyewe huviita soba choko.

Hivyo vinne vilinishika. Nimezaliwa Lamu, na chumba cha ndani cha Bibi kina zidaka ukutani, safu kwa safu, na katika zidaka zile kulikuwa na mabakuli ya buluu na nyeupe ambayo hayakupata kutiwa uji wala maji siku zote nilizoyajua. Yalikaa tu, yakipanguswa vumbi Alhamisi jioni. Pwani yetu imevipenda vyombo hivi tangu zamani, hata makaburi ya nguzo ya Mambrui na Kunduchi yalipambwa kwa kauri za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa. Sasa hapa, mbali kiasi hiki, nilikuwa naambiwa nichague kikombe kimoja nipande mti ndani yake. Mti wenyewe si wa kweli.

Ilikuwa Jumapili moja ya Novemba 2018. Nilikuwa Japani kwa mafunzo ya miezi minne ya kutengeneza mabomba ya maji yanayovuja, na wenyeji wetu walikuwa wametuandalia siku ya kuonja utamaduni: asubuhi kwenda Omiya, kwenye Kijiji cha Bonsai, mchana kuketi na mwalimu na kuunda bonsai bandia ya kurudi nayo nyumbani. Mkalimani alikuwa binti wa Kijapani aliyesoma Kiswahili chuo kikuu huko Osaka, kisha akakaa Zanzibar mwaka mzima. Alituamkia "shikamoo" wote, hata tuliolingana naye umri.

Asubuhi ile ilinikolea sana. Mwaka 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliivunja Tokyo, na watunza bonsai waliokuwa wakiishi mjini wakatafuta mahali penye nafasi, maji safi na udongo mzuri. Kuanzia 1925 wakahamia Omiya. Wakawekeana masharti: atakayeishi hapa awe na bonsai zisizopungua 10, lango lake liwe wazi kwa kila mtu, uzio wake uwe wa miti, na nyumba yake isiwe ya ghorofa, ili asichungulie bustani ya jirani. Mkalimani aliposoma sharti hilo la mwisho nilimshika mkono nikamwomba alirudie. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa ubaya wa dirisha linaloangalia ua wa mwenziwe.

Katika jumba la makumbusho la bonsai pale, lililofunguliwa 2010, nilisimama mbele ya misonobari isiyonifika kiunoni na yenye umri mkubwa kuliko nyumba yoyote ninayoifahamu mtaani kwetu. Jambo nililojifunza pale ni kwamba bonsai ina mbele na nyuma. Mtunzaji huutazama mti hata miaka, mpaka aamue uso wake uko wapi. Na ncha ya juu huinamishwa kidogo kumwelekea mtazamaji, kama mtu anayekuamkia. Baada ya kuambiwa hivyo sikuweza tena kuupita mti bila kuinamisha kichwa nami.

Kwa hiyo tulipofika kwa Sensei mchana, nikaona mezani waya, utepe wa karatasi, gundi na kifurushi cha majani yaliyokaushwa, nilivunjika moyo. Nilitoka kuona mizee hai ya karne nyingi, sasa naambiwa nisokote waya. Nilimwomba mkalimani aulize kwa adabu: kwa nini bandia?

Sensei alikuwa mama wa umri wa mama yangu, nywele fupi nyeupe, vidole vina makovu madogo madogo ya waya. Hakukasirika. Alisema mmea wenye udongo hauvuki mipaka bila vibali na cheti cha afya ya mimea, na mgeni wa miezi michache hawezi kuvipata. Tena hata ukivuka, nani atautunza? Kwenye kazi hiyo wana msemo, mizuyari sannen: kumwagilia maji tu hujifunzwa miaka mitatu. "Nikikupa mti hai," mkalimani alitafsiri, "nimekupa kitu utakachokizika." Kisha akakiinua kikombe kimoja cha soba akakipindua, akatuonyesha kitako.

"Tazameni. Hakina tundu."

Bonsai hai lazima chungu chake kiwe na tundu chini, maji yatoke, mizizi isioze. Kikombe cha soba kilifanywa kushika mchuzi. Ukitaka kupanda mti hai ndani yake huna budi kukitoboa, na watu huvitoboa, alisema, kwa kekee yenye ncha ya almasi, huku maji yakitiririka kisipasuke. Yeye alishindwa. Vikombe vile alivirithi kwa mama mkwe wake, vilitengenezwa Arita, kusini huko Kyushu, vikapita bandari ya Imari, ndiyo sababu kauri hizi zikaitwa kwa jina la bandari. Vilishapita mikono mingi vikiwa vizima. Mti usiokunywa maji hauhitaji tundu. Ndiyo namna pekee aliyoiona ya kuvipa kazi bila kuviumiza.

Hapo nilikaa sawa kwenye kiti. Nilikuwa nimedhani kikombe ni pambo la mti. Kumbe mti wote ule wa bandia uliundwa kwa ajili ya kukihifadhi kikombe, na mimi nilikulia katika nyumba ambamo mabakuli hayakutiwa kitu kwa sababu hiyohiyo.

Nilichagua chenye michoro ya mawimbi. Ukingoni kilikuwa na pengo dogo, kama punje ya mchele.

Kazi yenyewe huanza kwa shina. Unakata nyaya tisa zenye urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, unazishika pamoja na kuzisokota kuanzia chini. Sehemu ya chini kabisa unaiacha bila kusokota, unazitandaza ncha pande zote ziwe mizizi. Sensei alisisitiza mizizi kuliko kitu chochote. Mti ukiwa na shina zuri na mizizi mibaya, alisema, mtu ataona umechomekwa, hata kama hajui kwa nini anaona hivyo. Alinifanya niikunjue na kuikunja upya mara tatu. Kila upande mzizi mmoja mnene na mwembamba mmoja, usilingane. Huko juu nyaya zinaachana mbili mbili kuwa matawi. Halafu unazungushia utepe wa karatasi, unapaka gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, na ikianza kukauka unakwaruza kwa kijiti ili gome litokee. Vidole vyangu vimezoea mipira na nati za mabomba, lakini ule mkwaruzo ulinipendeza hadi nikasahau chai.

Shina lilipokuwa bado linapindika, Sensei alikuja akaketi mbele yangu. Aliuliza swali moja.

"Mti wako umesimama wapi, na upepo unatoka upande gani?"

Wenzangu walikuwa wakiiga picha za misonobari zilizokuwa mezani. Mimi sikuwa na jibu la msonobari. Nilifumba macho na mti ulionijia ni mvinje, ule wa peke yake juu ya mchanga ukitoka Shela kwenda ufuoni, ambao tulikuwa tukiegemeza baiskeli ya mjomba tulipokwenda kuogelea. Kusi huupiga miezi mingi ya mwaka. Mti mzima umelala kuelekea kaskazini, na kaskazini kwetu ndiko kibla, basi tulipokuwa wadogo tuliambizana kuwa mvinje ule unaswali.

Mkalimani alitafsiri yote, hata ya kuswali. Sensei alisikiliza, akasema neno moja: fukinagashi. Ni mtindo wa mti uliopigwa upepo mmoja tangu utoto, matawi yote yakikimbilia upande mmoja. Alinishika mikono, tukaulaza mti pamoja.

Niliukosea mahali pamoja. Nilipachika kijitawi cha majani upande wa kusini ili mti usionekane mtupu. Sensei alikitazama kitambo, akanitaka nijibu mwenyewe: tawi hili, kwa upepo huo, lingeishi? Nikasema hapana. Nilidhani atalikata. Badala yake aliliambua majani yote, akafuta utepe kwa wembe, akalichonga ncha na kulipaka rangi nyeupe ya mfupa. Tawi lililokufa na kubaki mtini huitwa jin, na bonsai nyingi za thamani zinalo. Nilikumbuka kwamba mvinje wa Shela una kijiti hicho hasa. Tulikuwa tukitundika kanzu zetu hapo. Nilikuwa nimeukumbuka mti miaka yote bila kukikumbuka, mpaka mtu ambaye hajaiona Lamu akanirudishia.

Majani tuliyopewa ni ya mmea halisi, ambayo utomvu wake umebadilishwa kwa gliserini na rangi, ndiyo maana hubaki laini. Yalikuwa membamba na marefu, yakaning'inia kama ya mvinje bila kulazimishwa. Chini tukatandaza kuvumwani iliyohifadhiwa vivyo hivyo, na mimi nikaomba mchanga mweupe kidogo upande wa kusi. Kikombe chote kilienea kwenye kiganja changu.

Nilisafiri nacho kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya soksi mbili za sufi. Nairobi ofisa aliuliza kama ni mmea. Nikamwambia ni waya. Alikigusa kwa kidole, akakigusa tena.

Bibi alikuwa hai bado. Nilifika nyumbani alasiri, nikamkuta amelala kitandani chumba cha ndani, pembeni mwake redio. Nilimfungulia soksi. Alikaa, akakishika kikombe kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye lile pengo la ukingoni, akakigeuza kutazama kitako kama Sensei alivyofanya. Ndipo akautazama mti.

"Mvinje wa Shela," akasema.

Sikuwa nimemwambia. Nilimweleza habari za mbele na nyuma, nikakiweka katika kidaka kitupu cha safu ya kati, uso wa mti ukitutazama, ncha imeinama kwetu kama nilivyofundishwa. Bibi akaniita. "Ndoo, nipe mkono." Alinyanyuka taratibu, akasogea hadi ukutani, akakishika kikombe kwa vidole viwili na kukizungusha robo nzima.

"Si hivyo. Kusi hutoka huku."

Ukuta ule ndio upande wa kibla. Mti sasa umelala kuingia ndani ya kidaka, na anayekaa kitandani huona mgongo wake, mshono wa utepe, na kile kijiti cheupe kilichomwelekea. Sijakigeuza.