"Nililima saa tatu": uandike dakika ngapi?

Mwaka 2008, uchunguzi wa afya wa England uliwauliza watu wazima kuhusu shughuli za mwili. Kwa majibu yao, wanaume 39 na wanawake 29 katika kila 100 walifikia kiwango kinachopendekezwa. Waliovalishwa kiunoni akselerometa, kifaa kidogo kinachopima mtikisiko wa mwili? Wanaume 6, wanawake 4.

Sikubaliani na wanaosema watu walidanganya. Mtu akiulizwa amelima muda gani, huhesabu tangu alipofika shambani hadi alipoondoka. Humo mna kunoa jembe, kunywa maji, kukaa kivulini. Kifaa huhesabu mtikisiko tu.

Kwetu kuna mtego mwingine. "Nililima saa tatu" ni muda, au ni asubuhi saa tatu? Karani akiandika dakika 180 bila kuuliza, kosa linakua. Katika GPAQ, dodoso la Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu shughuli za mwili, dakika za kazi nzito huzidishwa kwa 8, kwa kuwa huhesabiwa kutumia nguvu mara 8 ya kukaa tu: dakika 180 kwa siku 5 ni 7,200, na kiwango cha chini kwa wiki ni 600. Kumbe alianza saa tatu, akamaliza saa tano, akapumzika nusu saa: dakika 90, yaani 3,600. Kwa hiyo uliza alianza saa ngapi, alimaliza saa ngapi, alipumzika kiasi gani. Na usianze na neno "mazoezi". Wengi watafikiria mpira na kukimbia, wasitaje kuchota maji wala kutembea hadi sokoni.

Ila kifaa nacho hakioni kila kitu. Ndoo ya lita 20 kichwani haiongezi hatua, japo mwili unafanya kazi zaidi. Kutwanga, kufua na kuendesha baiskeli havitikisi nyonga vya kutosha. Ukikitegemea peke yake, kazi nyingi za wanawake wa vijijini zinapotea, na hilo linaniuma kuliko makosa ya dodoso.

Kifaa kivaliwe siku 7, juu ya nyonga ya kulia, mkanda ukibana; ukilegea, kifaa kinacheza chenyewe. Kwa kawaida siku huhesabiwa ikiwa na angalau saa 10 za kuvaliwa, na zinatakiwa siku 4 za namna hiyo. Kikirekodi sifuri kwa dakika 60 mfululizo, huchukuliwa kuwa kimevuliwa, kumbe pengine mzee amesinzia kitini. Mpe mvaaji daftari dogo aandike alipokivua na alipokivaa tena. Asiyeandika, mjukuu amwandikie.