Jicho langu liko kwa msaidizi

Nikitazama mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, simwangalii sana kocha mkuu. Namtafuta yule wa pembeni yake. Mume wangu anasema huo ni ugonjwa. Basi na niumwe.

Chukua Tommy Lloyd. Miaka 20 alikuwa msaidizi wa kocha mkuu Mark Few pale Chuo Kikuu cha Gonzaga, na sifa yake kubwa ilikuwa kusaka vijana nje ya Marekani: Ronny Turiaf kutoka Ufaransa, Domantas Sabonis wa Lithuania, Rui Hachimura wa Japani. Hachimura alifika Kiingereza kikimpiga chenga, na mwaka 2019 akachaguliwa wa 9 kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Kazi hiyo ni simu za usiku wa manane na kubembeleza wazazi. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Arizona wakampa Lloyd timu; msimu wa kwanza akashinda mechi 33, akapoteza 4.

Ila kipenzi changu ni marehemu Bill Guthridge. Miaka 30 chini ya kocha mkuu Dean Smith, Chuo Kikuu cha North Carolina! Mwaka 1978 aliikubali kazi ya ukocha mkuu chuo kingine, Penn State, kisha akaghairi. Alipokabidhiwa timu ya North Carolina mwaka 1997 alishatimiza miaka 60. Misimu mitatu, nusu fainali mbili za taifa, akastaafu. Wapo wanaosema alichelewa. Kuchelewa wapi? Mtu alipenda kuwanoa warefu wa chini ya kikapu, na kazi hiyo alikuwa nayo tayari.