Asubuhi ya mwisho ziwani

Leo alfajiri nimesimama kwenye sitaha ya MV Victoria, khanga mabegani, nikiitazama miamba ya Mwanza ikijitokeza taratibu kwenye ukungu, na nikatambua kwamba safari yetu ya siku 16 imefikia ukingoni. Tulianza kwa kivuko cha Nansio kwenda Ukerewe, tukarudi, kisha tukavuka usiku kwenda Bukoba, ambako binti yangu alikula senene kwa mara ya kwanza na kudai tubebe mfuko mzima.

Kabla ya kufika, mama aliniomba tukae kimya kidogo. Alikuwa akiwakumbuka waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, meli iliyotoka Bukoba kama sisi na haikuifikia Mwanza. Tangu mwaka ule hakuwahi kukanyaga meli, na safari hii aliikubali kwa ajili ya mjukuu wake. Nilimshika mkono mpaka honi ilipolia.

Bandarini palikuwa na zogo la kawaida la wapagazi, mikungu ya ndizi na bodaboda. Binti yangu aliwaamkia mabaharia mmoja mmoja, "Shikamoo", akiwaaga kana kwamba ni wajomba zake, kisha akalia. Nami machozi yalinilenga, kwa sababu nyumba tunayoirudia naipenda, lakini mlio wa injini uliokuwa ukitubembeleza usiku sitausikia leo. Mama, akishuka ngazi, aliuliza tutarudi lini.