Kuchapa kwa Vidole Kumi Baada ya Umri wa Miaka 60

Aliyechapa kwa vidole viwili kwa miaka 20 kikwazo chake kikubwa si vidole, ni macho. Yamezoea kuisaka kila herufi, na mazoea hayo ndiyo ya kuvunjwa kwanza. Funika kibodi na mikono yote miwili kwa kitambaa chepesi. Bila kitambaa utachungulia, hata ukiapa.

Papasa kitufe cha F na cha J. Kila kimoja kina kinundu kidogo, na hapo ndipo vidole vya shahada vinapotua. Vidole vingine vya kushoto vikae juu ya D, S na A. Vya kulia juu ya K, L na nukta mkato. Gumba ni la kitufe kirefu cha nafasi. Ukipotea, rudi kwenye vinundu.

Mazoezi mengi ya mtandaoni yametungwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hayakuandai vizuri kwa Kiswahili. Lugha yetu imejaa A, nayo ni mzigo wa kidole kidogo cha kushoto, kilicho dhaifu. Q na X hatuna kazi nazo. Jitungie mwenyewe: siku 3 za kwanza chapa kaka, dada, kasa, sadaka, jalada, ambayo yote yamo katika mstari wa kati. Ongeza G na H, zinazofikiwa na vidole vya shahada vikijinyoosha kwa ndani: kasha, shaka, haja. Kisha E na I kwa vidole vya kati: akili, jadili, sikia, sahihi. Usiongeze herufi mpya mpaka makosa yasizidi 2 katika herufi 100. Ng' iache mwisho kabisa, maana kibodi nyingi huweka ritifaa kulia kwa nukta mkato, na kidole kidogo hujinyoosha kuifikia.

Dakika 15 asubuhi na 15 jioni zinatosha. Zinashinda saa nzima ya Jumamosi. Wakati wa zoezi usifute kosa. Ukifuta kila mara, vidole hukariri kukosea na kufuta kama tendo moja.

Shingo ikiuma, angalia miwani. Yenye lenzi za mbali na karibu humfanya mtu ainue kidevu ili aone skrini kupitia sehemu ya chini, kwa hiyo shusha skrini. Kunja pia vile vijiguu vya nyuma ya kibodi, kwani hupindisha vifundo vya mikono juu. Mwenye baridi yabisi atafute vitufe laini, na aache mara maumivu yanapoanza.

Wiki 2 za mwanzo kasi itashuka chini ya ile ya vidole viwili, na hapa ndipo wengi huacha. Barua ya haraka ichape kizamani. Kuanzia wiki ya 3, kila kitu kwa vidole kumi, isipokuwa nywila: skrini huonyesha vinukta tu, huoni ulipokosea. Hiyo ichape ukitazama.