Hisa ukiwa ndani ya IVA

Watanzania wenzangu hapa Uingereza wananiuliza swali hili pembeni, wageni wakishaaga na sahani zikishatolewa: mtu akiwa kwenye IVA, anaruhusiwa kununua hisa? Najibu kwa kirefu leo, maana mimi mwenyewe nimo humo na hesabu hii nimeipiga mara nyingi.

Kwa asiyeijua, IVA (Individual Voluntary Arrangement) ni makubaliano ya kisheria kati ya mdaiwa na wadai wake, yaliyoletwa na Sheria ya Ufilisi ya 1986. Walioko Scotland wana utaratibu wao. Wadai wanapiga kura, na wakikubali wale wanaobeba 75% ya deni lililopigiwa kura, hata aliyekataa anafungwa nayo. Unalipa kila mwezi, kwa kawaida miaka 5 au 6, riba inasimama, wakusanya madeni wanaacha kukupigia simu, na deni linalobaki mwishoni linafutwa. Jina lako linaingia kwenye daftari la serikali ambalo yeyote anaweza kulifungua mtandaoni. Kwa wengi wetu hilo la jina linauma kuliko malipo yenyewe.

Sasa hapo kwenye riba ndipo ujanja unapoanzia. Mwenye deni la kawaida la kadi ya benki hana haja ya mjadala: kadi inamtoza 20% na zaidi kwa mwaka, hisa gani itamlipa hivyo kila mwaka bila kukosa? Alipe kadi kwanza. Lakini wa IVA riba yake imeganda. Kwa hiyo anajiambia: deni halikui, malipo ya mwezi yanajulikana, basi paundi 50 nitakayobana kwenye chakula ikafanye kazi sokoni. Kwenye karatasi hesabu inakubali kabisa, ndiyo maana hata watu wenye akili zao wanaifuata.

Inakwama kwenye mkataba. Mikataba mingi ya IVA ina kifungu cha fedha za ghafla: ukipata mkupuo unaozidi paundi 500, uwe urithi, bahati nasibu au mauzo ya mali, unautangaza na unakwenda kwa wadai. Ovataimu nayo ina kifungu chake: kipato kikipanda zaidi ya 10% juu ya kawaida yako, nusu ya kilichozidi hapo si chako. Weka hisa ndani ya picha hiyo. Zikipanda vizuri ukauza, msimamizi wa mkataba ana haki ya kuuliza faida iko wapi. Zikiporomoka, hakuna mdai atakayekuchangia hasara, na malipo ya mwezi ujao yako palepale. Hiyo si biashara ambayo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angeikubali.

Na kuporomoka kupo. Watu wanapenda kutaja hisa za benki ya CRDB ya Tanzania, zilizouzwa kwa umma kwa shilingi 150 mwaka 2009 na mwishoni mwa 2024 zikawa zimepita 600 kila moja. Ni kweli, na aliyevumilia amekula gawio lake, yaani sehemu ya faida ya benki, kihalali. Lakini benki hiyohiyo ilitoa hisa mpya kwa wanahisa wake kwa shilingi 350 mwaka 2015, na sehemu kubwa ya 2020 zilikuwa zikiuzwa chini ya 200. Kutoka 2015 hadi 2020 ni miaka mitano, yaani IVA nzima. Mwenye pesa isiyo na kazi alisubiri tu. Wa IVA akifukuzwa na kodi ya nyumba mwaka wa tatu, anauza kwa bei atakayoikuta.

Shemeji yangu wa Dar ana dawa ya yote haya. Ananitumia ujumbe wa sauti asubuhi akiwa kwenye foleni ya Ubungo, honi zinasikika nyuma: "Shem, wewe tuma hela, tunaandika jina langu. Hao Wazungu watajuaje?" Nampenda, ila hapana. Unapoomba IVA unaandika mali zako zote, popote zilipo duniani, kiwanja cha Kibaha kikiwemo. Kudanganya hapo ili wadai wakubali ni kosa la jinai kwa sheria ileile ya 1986. Na tuseme hakuna atakayejua: hisa zilizo kwa jina la shemeji ni za shemeji. Mungu amweke, lakini siku ya mirathi nitasimama mbele ya wanawe na kusema nini? Kwamba baba yenu alikuwa ananifichia?

Anayedhani taarifa za benki hazisomwi, asikie la mchezo wetu wa upatu. Tunachanga kila mwezi, na zamu yangu ilipofika zikaingia pesa za watu wote kwa mkupuo. Kwenye mapitio ya mwaka, binti wa ofisi inayosimamia mkataba alipita mstari kwa mstari hadi akafika hapo. Nikamweleza kuwa ni pesa yangu mwenyewe inanirudia, kwamba nimeshalipa na nitaendelea kuwalipa wenzangu. Kimya kidogo kwenye simu. "Kwa hiyo ni mkopo?" Siyo. "Ni akiba?" Siyo hasa. Mwisho aliomba barua. Mweka hazina wetu, dada mmoja wa Tanga mwenye mwandiko wa mwalimu, akaandika jedwali zima la zamu na viwango, tukalituma. Ilipita. Sasa fikiria mkupuo huo ungekuwa umetoka kwa dalali wa hisa.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba tayari wana hisa. Mwajiri wako hapa analazimika kukuingiza kwenye pensheni ya kazini ukiwa umefikisha miaka 22 na unapata zaidi ya paundi 10,000 kwa mwaka. Kiwango cha chini ni 8% ya sehemu ya mshahara inayohesabiwa, na katika hiyo mwajiri anatoa si chini ya 3%. Pesa hiyo, kwa sehemu kubwa, inanunua hisa za makampuni ya dunia nzima, na kuchangia kiwango cha kawaida kwa kawaida kunaruhusiwa kwenye bajeti ya IVA. Halafu unakuta mtu huyohuyo amejitoa kwenye pensheni ili apate paundi za kununua hisa kwa simu. Ameacha 3% ya bure! Hapo huwa nashindwa kunyamaza, hata kwenye harusi.

Kama una hisa za zamani, za NMB au Safaricom ulizonunua kabla hujaondoka, na unafikiria IVA, ziandike kwenye orodha kabla ya kusaini na uulize zitafanywaje. Gawio nalo litaje kama kipato, hata kama ni la kununulia kitenge. Na usisaini kwa wa kwanza aliyekuona kwenye tangazo la Facebook. Mashirika ya hisani ya StepChange na Citizens Advice yanatoa ushauri wa madeni bure, na huenda yakakuambia hata IVA yenyewe haikufai. Ukishaingia, kila swali la pesa ulize kwa barua pepe, si kwa simu. Afisa anayekupa ruhusa leo anaweza asiwepo pale mapitio ya mwakani.