Sina hakika kama alisema "tu"

Ijumaa usiku, na bado limenikaa kooni. Nilidhani Jumatano litakuwa limeshuka. Basi naliandika hapa, labda nitalala.

Mama yake Baba Neema amekuja kutoka Ifakara kwa ajili ya lile jicho. Jumanne tuliamka saa kumi alfajiri. Nilimfunga kilemba, nikabeba chupa ya chai, kanga ya akiba na bahasha yake ya makaratasi, tukachukua bajaji. Tulipofika dirishani hospitali, karani, binti mdogo mwenye sauti ya upole, akauliza:

"Bibi, umekuja na nani? Huyu mwanao?"

"Hapana, huyu mkwe. Mwanangu yuko njiani."

"Haya mkwe, sogea uandike hapa."

Ni hayo tu. Hakuna aliyenitukana. Huyo mwana aliyekuwa njiani ni Baba Neema, ambaye saa ile alikuwa Makambako na lori lake na hakutarajiwa kufika kabla ya Alhamisi. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya uhusiano na mgonjwa. Niliandika MKWE kwa herufi kubwa, nikaikandamiza kalamu mpaka karatasi ya chini ikapata alama.

Miaka 14 mama yule ananiita mwanangu. "Mwanangu, nisogezee chumvi." "Mwanangu, kuku wameingia?" Tangu Jumanne nairudia ile sentensi yake kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka kwenye mkeka. Mara nasikia "huyu mkwe tu", mara nasikia "huyu mkwe" bila ya hiyo "tu". Nikikaa kwenye cherehani, pedali nayo inasema mkwe-tu, mkwe-tu, mkwe-tu. Halafu ugonjwa wenyewe uliotupeleka pale unaitwaje? Mtoto wa jicho. Yaani hata ukungu uliomzuia kuona ni mtoto, mimi mkwe.

(Upasuaji ulikwenda salama Jumatano, Neema amepangiwa shule ya bweni, na mwenye nyumba amepandisha kodi ya fremu. Hayo siku nyingine.)

Mnajua ugonjwa wangu wa kusoma Biblia kwa Kiebrania jioni. Usiku ule wa Jumanne nikafungua Mwanzo 11, maana nilikumbuka kuna mkwe pale. Mstari wa 31, Tera anahama Uru. Amewachukua Abramu mwanawe, Lutu, ambaye anaandikiwa mpaka ukoo, mwana wa Harani, mwana wa mwanawe, na Sarai. Sarai anaandikwa "kallato", mkwewe, mke wa Abramu. Sawa. Ila ukifika sura ya 20, Ibrahimu amebanwa na Abimeleki, mfalme wa Gerari, anajitetea kwamba hakusema uongo: Sara ni dada yake kweli, binti wa baba yake, ila si binti wa mama yake. Sasa kama ni binti wa Tera, aliyeandika sura ya 11 alishindwa nini kuandika binti yake? Wino uliisha?

Waliosoma kabla yetu waliliona hilo shimo. Talmud, kitabu cha mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasema Sarai ndiye Iska, yule binti wa Harani anayetajwa mstari wa 29 kisha asisikike tena, na Josephus, mwanahistoria Myahudi wa kale, naye anamfanya Sara kuwa binti wa Harani. Kwa hesabu hiyo ni mjukuu wa Tera, na mjukuu ni mtoto, kwa hiyo Ibrahimu hakudanganya. Nahori, kaka yake, alimwoa Milka, huyo naye binti wa Harani, basi ingekuwa mtu na kaka yake wameoa dada wawili, watoto wa kaka yao. Ukilipeleka jibu hilo kwa wazee wa kwetu unaongeza kesi badala ya kuifuta. Mtoto wa kaka yako ni mwanao. Unamwoaje?

Mimi Jumanne sikutaka kusuluhisha. Niliamua Ibrahimu aliongopa. Mtu akisimama mbele ya mwenye mamlaka hutoa neno la undugu linalomfaa saa ile, dada kwa Abimeleki, mkwe kwa karani. Nililala na hasira zangu, nikiwa nimempa mgongo mgonjwa wa watu aliyekuwa anakoroma kitanda cha pili.

Jumatano, nikiwa nimekaa kwenye benchi namsubiri atoke chumba cha upasuaji, nikaisoma Ruthu. Hapo ndipo palipozidi kuniuma. Sura ya 2 mstari wa 22: Naomi akamwambia Ruthu mkwewe, ni vema, binti yangu. Ndani ya mstari mmoja! Mdomoni mwa Naomi ni binti yangu, kwenye karatasi ni mkwe. Nikahesabu kitabu kizima kwa kidole. Neno la mkwe, ukijumlisha Orpa na Ruthu, limetokea mara 7. Nikawaza, kumbe ndivyo ilivyo tangu Bethlehemu. Jikoni wewe ni mwana, ikija fomu unakuwa mkwe.

Jana Alhamisi wakamfungua bandeji. Baba Neema alikuwa amefika, na vumbi lake. Nesi akaniambia nimwonyeshe mama kitu chenye maandishi makubwa asome. Nikaona simu inatosha, nikafungua majina ili nimwonyeshe la Neema. Mama akaishika simu mbali, kama anavyoshika kuku wa kuchinjwa, akasoma polepole jina la juu yake:

"Ma-ma... mkwe... mpya." Akanigeukia na jicho lake jekundu. "Mama mkwe mpya ni nani tena? Umeolewa pengine?"

Ni yeye. Laini yake ya zamani ilipotea mwezi wa 6, ya sasa nikaiandika hivyo. Mpya ni laini. Baba Neema alitoka nje kucheka, mama alicheka mpaka nesi akamkataza asikaze macho, na mimi nilitaka ardhi inipokee. Miaka 14 ninamwita Mama, shikamoo Mama, karibu chakula Mama, na kwenye simu yangu mwenyewe sijawahi kumwandika Mama. Hata nilipoomba ruhusa ya kukosa kozi niliandika "nimempeleka mama mkwe hospitali". Hakuna karani aliyenishikia mtutu.

Usiku nikairudia Ruthu, safari hii nikitafuta makosa yangu. Ruthu hamwiti Naomi mama hata mara moja. Anamwambia sitakuacha, anamwambia Mungu wako ni Mungu wangu, ila mama halimtoki. Na lile "binti yangu" lililonitia wivu, Naomi anamwambia Ruthu mara 5, lakini Boazi pia anamwambia mara 3, naye wala si baba yake, ndiye atakayemwoa! Ni neno la mtu mzima kwa kijana. Ukitoka kwenye kitabu hicho ndiyo kabisa: mji ni binti Sayuni, vijiji vya Heshboni kwa Kiebrania ni mabinti zake, na mboni ya jicho katika Zaburi 17 na Maombolezo 2 imetajwa kama binti wa jicho. Waebrania nao walikuwa na mtoto wao wa jicho. Binti anagawiwa kila mtu.

Hapo ndipo kipande kingine cha Jumanne kikanirudia, ambacho siku zote hizi nilikiruka. Karani alipompa kadi, mama alisema: "Asante, mwanangu."

Alimwita karani mwanangu. Akamwita hivyo na dereva wa bajaji, na muuza maandazi getini, na yule kijana aliyetusukuma kwenye foleni alimwambia "taratibu mwanangu". Mama ana watoto 6, wa kike 5, na wakwe zake wengine wote ni wanaume wenye ndevu wasioweza kumfunga kilemba. Akisema mwanangu, nusu ya Morogoro inaweza kuitika. Akisema mkwe kwa sauti ile, ni nani mwingine ageuke?

Na wale wanawake wa Bethlehemu, sura ya 4 mstari wa 15, mtoto Obedi amezaliwa, wanampongeza Naomi. Walikuwa na nafasi ya kusema binti yako. Wakasema mkweo, anayekupenda, aliye bora kwako kuliko wana 7. Kamusi yangu inasema neno hilo hilo, kalla, ndilo la bi arusi. Katika Wimbo Ulio Bora ndilo kijana analomwimbia mpenzi wake. Bi arusi wa miaka 14, mwenye nyuzi kwenye nywele na kidole gumba chenye matundu ya sindano. Nimelicheka peke yangu gizani.

Siwaambii kwamba nimepona. "Mwanangu yuko njiani" bado inanikera. Njiani gani, mtu yuko Makambako? Na ile "tu" sijajua kama aliisema au niliishona mwenyewe. Ningeweza kumuuliza, yuko chumba cha pili anasikiliza redio. Simuulizi. Jina kwenye simu nimejaribu kulibadilisha liwe Mama, likagongana na la mama yangu mzazi, nikaliacha vile vile.

Tatizo la leo ni jingine. Kile kitambaa cha zambarau cha sare za kwaya, nimelowesha kipande jioni na maji yamegeuka kama juisi ya rozela. Mashati 11 kati ya 26 nimeshakata, kipaimara ni Jumapili ijayo, na kola zote ni nyeupe.