Ruta ya nyumbani Uyole: OPNsense imewekwa kando, OpenWrt imebaki

Wiki ya 1. Programu huria za ruta (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani) ni nyingi, zikiwemo OPNsense na OpenWrt, lakini hapa Mbeya laini na umeme ndivyo vinavyochagua. Laini ni modemu ya 4G ya kuchomeka kwenye USB. Umeme hukatika bila taarifa, na masika radi haziishi.

OPNsense, iliyochipuka kutoka programu nyingine ya ruta, pfSense, mwaka 2015, ina kurasa nzuri mno za kupanga fayawoli (ukuta unaochuja kinachoingia na kutoka mtandaoni). Kwa mwenye faiba na kadi za mtandao za Intel, ningeishauri bila kusita. Ila imejengwa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD, ambao unachagua sana modemu za USB. OpenWrt ni Linux, mfumo endeshi mwingine, na draiva zake (programu za kuendesha vifaa) za modemu ni nyingi. Imeshinda.

Wiki ya 2. Mashine: kompyuta ndogo ya mtumba, RAM GB 4, SSD GB 32, milango miwili ya mtandao. Mtego wa kwanza uko hapa: faili la kawaida la kusakinisha OpenWrt halina draiva za modemu, na bila modemu hakuna intaneti ya kuzipakulia. Kwa hiyo tengeneza faili lako kwenye ukurasa wa Firmware Selector, ukiongeza kmod-usb-net-rndis, kmod-usb-net-cdc-ether, usb-modeswitch na luci-app-sqm. Chukua la squashfs, si ext4 (ni namna mbili za kupanga faili kwenye diski): ukiharibu mipangilio, amri ya firstboot inairudisha ilivyokuwa mwanzo. Ukilifungua faili lililobanwa, amri ya gunzip italalamika kuhusu takataka mwishoni mwake. Ni saini tu, endelea na dd, amri ya kuliandika kwenye SSD.

Modemu ikionekana (usb0 au eth2), ipe DHCP (ipokee anwani yenyewe) kisha iingize kwenye zoni ya wan, yaani upande wa intaneti kwenye fayawoli. Ukisahau zoni, ruta yenyewe itapata intaneti ila simu na kompyuta za ndani hazitapata, na utatafuta kosa kwenye DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) bure.

Wiki ya 3. SQM, yaani kupanga foleni ya data ili laini isikwame, aina ya cake. Pima kasi saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni, chukua kipimo cha chini, weka asilimia 85 yake. Megabiti 12 kwa sekunde kushuka na 4 kupanda zinakuwa 10200 na 3400 kwa kilobiti. Ukiweka kasi ya alfajiri, foleni inarudi kwenye mnara na simu za video zinakwama.

Mashine haikuwaka umeme uliporudi. Betri ndogo ya ndani, CR2032, ilikuwa imekufa, BIOS (programu ya kuwasha mashine) ikasahau agizo la kuwaka yenyewe. Saa nayo ilirudi nyuma miaka, vyeti vya usalama vya tovuti (HTTPS) vikakataliwa. Betri mpya, agizo limerudishwa.

Kufungua milango ya ruta ili vifaa vya ndani vifikiwe kutoka nje hakufanyi kazi: mtandao wa simu unagawa anwani za 100.64.0.0/10, zinazotumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Kinachofuata ni WireGuard (njia ya siri kupitia intaneti) kwenda seva ya kukodi, PersistentKeepalive, yaani ishara ya kuiweka njia hai, kila sekunde 25.